Ufundi wa Kuficha: Arthur Machen na Mfuko wa Mbatian

Riwaya fupi ya Arthur Machen iitwayo The Great God Pan ina sura 8, na katika sura zote hizo Pan mwenyewe haonekani hata mara moja. Hasemi neno, hapigi hatua, hana umbo ambalo msomaji anaweza kumsimulia mwenzake. Hata hivyo, tangu John Lane alipoichapisha London mwaka 1894, wasomaji hawajaacha kutishika nayo, na H. P. Lovecraft wa Marekani, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimhesabu Machen miongoni mwa mabingwa wa hadithi za kutisha wa zama zake. Wanafunzi wetu hufundishwa kuandika neno taharuki kwenye karatasi ya mtihani, wakapata alama yao wakaendelea. Hawaulizwi taharuki hiyo imeundwaje. Hapa nataka kuifungua mashine hii tuone gurudumu lipi linazungusha lipi.

Naifungulia Kitengela, na mahali hapa pana mchango wake. Ukishika barabara ya Namanga kwenda Isinya, utaona nguzo za umeme zimebandikwa karatasi za waganga: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kunasa mwizi, na nambari ya simu chini yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliandikwa kumwadhibu mtu anayejidai ana elimu hiyo na kuwafundisha wengine kudhuru, lakini karatasi zinasomwa mchana kweupe na abiria wanaongoja matatu. Elimu ya siri ikishapewa nambari ya simu haimtishi mtu. Inakuwa biashara kama ya kuuza matangi ya maji. Tatizo la mwandishi wa vitisho ndilo hilo. Inambidi airudishe elimu gizani, mbele ya msomaji ambaye ameshaiona nguzoni.

Machen anaanza kwa upasuaji. Daktari Raymond, anayeishi nyumba ya upweke kwenye vilima, amemwalika rafiki yake Clarke awe shahidi. Anadai kwamba akikata sehemu ndogo sana ya ubongo, pazia linalotutenga na ulimwengu wa kweli litaondoka, na kwamba watu wa kale waliliita jambo hilo kumwona mungu Pan. Atakayekatwa ni Mary, msichana ambaye Raymond alimwokota katika ufukara. Clarke anapoonyesha wasiwasi, daktari anajibu kwamba uhai wa binti yule ni mali yake kuutumia atakavyo. Maneno yale yananitisha kuliko Pan. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa maana ya mtu mwenye elimu na pesa kumwangalia mfanyakazi wa nyumbani kwa jicho lile.

Sasa angalia kisu kinapoingia. Machen ametuandalia kila kitu: taa iliyopunguzwa mwanga, harufu ya ajabu iliyomlaza Clarke usingizi wa mang'amung'amu, kiti, Mary katika nguo nyeupe, busu la daktari. Wakati wa kukata unafika, na Clarke anageuza uso. Anapotazama tena, Raymond anafunga kidonda. Upasuaji umepita na sisi hatukuuona, kwa sababu mtu aliyetuazima macho yake aliyaondoa. Kisha Mary anaamka. Macho yake yanang'aa, yanatazama mbali, mikono inanyooka kama anayetaka kugusa kitu. Uso una mshangao mkubwa. Mshangao unageuka hofu. Anatetemeka mwili mzima, anaanguka akipiga mayowe. Aliloliona halisemwi. Tumepewa uso wake tu, na kila msomaji anajaza kilicho mbele ya uso huo kwa mali yake mwenyewe. Siku tatu baadaye yuko kitandani, kichwa kinayumba huku na huku, akili imemtoka. Raymond anaizungumza hasara hiyo kama bei aliyotarajia kulipa.

Sura hii ilitoka kwanza peke yake, gazetini, mwaka 1890. Kwa hiyo Machen alikuwa na hadithi iliyokamilika, na alipoamua kuiendeleza ilimbidi atafute njia ya kuunga. Mwandishi wa kawaida angemfuata Mary, au angemfuata Raymond. Machen anawaacha wote wawili. Anaruka miaka, anamchukua Clarke peke yake, na kumweka mbele ya saraka la karatasi.

Clarke, tunaambiwa, anakusanya kwa siri ushahidi wa kwamba Ibilisi yupo. Mchana ni mtu wa biashara na busara. Usiku anafungua saraka. Ndani mna maelezo aliyopewa na daktari mwingine, Phillips, kuhusu msichana aitwaye Helen aliyeletwa kulelewa katika kijiji cha mpakani mwa Wales. Mtoto mdogo wa kiume, Trevor, alimwona Helen msituni akicheza na mwanamume wa ajabu aliye uchi. Alikimbia nyumbani akilia, akaugua kwa hofu, na baada ya majuma kadhaa akaanza kupata nafuu. Kisha siku moja baba yake alikwenda kufanya kazi katika nyumba ya bwana mmoja, mtoto akafuatana naye. Kikasikika kilio ukumbini. Walipofika walimkuta mtoto chini, amezirai. Alipozinduka alielekeza kidole ukutani. Palikuwa na kichwa cha jiwe kilichofukuliwa ardhini karibu na hapo, kazi ya mikono ya Waroma. Mtoto alisema huyo ndiye mtu wa msituni.

Nimerudi kwenye ukurasa huo mara nyingi, kwa sababu ndipo ufundi unapoonekana bila kificho. Mtoto hana elimu ya kudanganya juu ya sanamu za Kiroma. Jiwe halina uwezo wa kusema uongo. Kati ya ushahidi wa mtoto na ushahidi wa jiwe kuna miaka 1,500 na zaidi, na Machen anaiziba kwa kidole kimoja kilichonyooshwa. Hakuna sauti ya radi wala upepo unaozima mishumaa. Machen alizaliwa mwaka 1863 Caerleon, mji wa Wales uliowahi kuwa ngome ya jeshi la Roma, mwana wa kasisi, na aliijua ardhi ambayo mkulima akipiga jembe huenda akatoa kipande cha mungu wa watu wengine. Mambo mengine katika riwaya hii ni ya kubuni. Mchanga ule si wa kubuni.

Baada ya Trevor anakuja Rachel, binti wa jirani aliyezoea kwenda msituni na Helen. Jioni moja mama yake anamkuta chumbani akilia na kumuuliza kulikoni. Rachel anaanza kueleza, na hapo hapo Clarke anafunga kitabu kwa kishindo na kugeuzia kiti chake motoni. Msomaji amekatiwa neno mdomoni mwa binti. Aliyelikata ni mtu ambaye amelikusanya mwenyewe, amelinakili kwa mkono wake, na bado hawezi kulisoma lote.

Kuanzia hapo riwaya inafuata utaratibu mmoja. Habari hupokezwa kama kijiti cha mbio, na kila anayekipokea huondoa kipande kabla ya kumpa mwenzake. Villiers anakutana barabarani na Herbert, aliyesoma naye, sasa ombaomba. Herbert anasema mke wake amemharibu mwili na roho, lakini hataki kusema alivyoharibiwa. Mtu amekutwa amekufa karibu na nyumba ya Herbert, Paul Street, na kilichomuua ni hofu tupu. Mabwana wa London, matajiri wasio na madeni wala magonjwa, wanaanza kujiua mmoja baada ya mwingine. Villiers anamwona mmojawao, Crashaw, akitoka usiku katika nyumba ya Bi Beaumont, ambaye ndiye Helen na ndiye yule mke wa Herbert, na anachosimulia ni uso tu, kama ule wa Mary. Baadaye Villiers anampa rafiki yake Austin maandishi yanayoeleza yanayofanyika ndani ya nyumba ile. Austin anatupia jicho ukurasa mmoja na kuusukuma mbali, jasho likimtoka. Sisi tumesimama nyuma ya bega lake na hatukuona hata mstari.

Hila hiyo ya Austin ni ya kijasiri. Machen anamweka msomaji ndani ya hadithi ili atuonyeshe namna ya kusoma. Akishindwa yeye, mtu mzima wa mjini aliyezoea uvumi wa kila aina, sisi tutaamini kwamba maandishi hayo yana kitu. Mashahidi wote waliochaguliwa ni watu wa aina hiyo: madaktari, wafanyabiashara, mabwana wa klabu. Hakuna kikongwe wa kijijini anayeitwa kutoa ushahidi, kwani London ya 1894 isingemsikiliza. Ndiyo kanuni ya kwanza ninayoichukua hapa: hadithi ya elimu iliyokatazwa humtafuta shahidi anayechukia kuamini.

Katika sura ya 8 Machen analazimika kulipa deni. Amekawia sana, lazima kitu kionekane. Anachotoa ni karatasi chache za daktari Matheson, aliyekuwapo Helen alipokufa, sehemu nyingine zikiwa za Kilatini na zisizosomeka vizuri. Tunaambiwa mwili ulibadilika: jinsia ikayumba kati ya kike na kiume, umbo likashuka hadi la mnyama na kwenda chini zaidi ya mnyama. Lugha ni kavu, ya mtu anayeandika ripoti. Kisha, katika mistari ya mwisho, barua ya Raymond inatoa kiungo ambacho tumekikosa tangu mwanzo: Helen alikuwa binti ya Mary, aliyezaliwa miezi tisa baada ya usiku ule wa kisu. Sura iliyoandikwa 1890 na sura zilizoongezwa baadaye zimeshonwa kwa uzi mmoja, na uzi umefichwa hadi pindo la mwisho.

Kasoro zipo, na ni kubwa. London yote ya Machen inaonekana kuwa na watu wanne, kwa jinsi wanavyogongana kwenye kona. Neno lile la kusema jambo halisemeki linarudiwa hadi linachosha. Mara ya tatu lina nguvu, mara ya kumi msomaji anashuku kwamba mwandishi hana kitu mfukoni. Wanawake ni vyombo tu: Mary anakatwa, Rachel anapotea, na Helen, ambaye kila mtu anamzungumzia, hapewi nafasi ya kujieleza. Baadhi ya wahakiki wa wakati huo waliishambulia kwa ukali. Machen hakukasirika sana, au alijifanya hivyo. Mwaka 1924 alikusanya lawama alizowahi kupewa akazitoa kitabu, Precious Balms. Namheshimu kwa hilo.

Sasa twende Kajiado, kwenye hadithi nyingine ya elimu ya siri.

Miaka hiyo hiyo ambayo Machen alikuwa akishona riwaya yake, wana wawili wa Mbatian, oloiboni (mganga na mpiga ramli mkuu) wa Wamaasai, walikuwa vitani. Mbatian alikufa mnamo 1890. Masimulizi ya kifo chake yalinakiliwa na A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika kitabu chake The Masai cha mwaka 1905, na yangali yanasimuliwa Umaasaini. Mtu wa Kitengela asiyejua Kimaa huenda hajawahi kuyasikia, ingawa anaishi juu ya ardhi ya Wamaasai wa Kaputiei.

Mbatian anapoona mwisho wake umekaribia anawaita wazee wa Matapato, watu ambao nchi yao leo iko kusini mwa Kajiado, upande wa Bissil hadi Namanga. Anawaambia wasihame. Wakihama, ndui itawaua, ng'ombe watakwisha, na watapigana na adui mwenye nguvu awashinde. Anawaambia pia kwamba mrithi wake ni yule atakayempa vifaa vya uoloiboni, na huyo wamtii. Kisha anamwita Sendeyo, mwanawe mkubwa, na kumwagiza aje asubuhi akabidhiwe. Olonana, mdogo wake, amejificha katika kizimba cha ndama. Anasikia kila neno. Alfajiri anamtangulia kaka yake, anaingia kwa baba na kusema amefika. Mbatian ni mzee sana, ana jicho moja, haoni ni yupi. Anampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko, pamoja na baraka ya kuwa mkubwa kuliko ndugu zake wote. Sendeyo anakuja na kukuta kazi imekwisha. Anaapa kwamba hatatawaliwa na mdogo wake.

Msomaji wa Biblia atasema mara moja kwamba huyu ni Yakobo na yule ni Esau. Ofisa wa Kijerumani Moritz Merker, katika kitabu chake cha 1904, alikwenda mbali hadi kudai kwamba Wamaasai wana nasaba moja na Wasemiti wa kale. Mimi sina haja na nasaba. Natazama ujenzi.

Onyo limewekwa kabla ya wizi. Msimulizi angeweza kulileta baada yake, kama laana ya baba aliyedanganywa, na hadithi ingekuwa ya kawaida. Kwa kulitanguliza, kila balaa linalofuata linasomeka kama jambo lililokwisha kusemwa. Na balaa zilifuata kweli. Sotoka iliangamiza ng'ombe mapema katika miaka ya 1890, ndui ikaja, Wajerumani wakaingia upande wa kusini alikokuwa Sendeyo. Machen ilimbidi abuni maiti za mabwana wa London. Msimulizi wa Kimaasai alikuwa na wafu halisi ambao kila msikilizaji aliwajua kwa majina ya koo, na hakuhitaji kupandisha sauti.

Kizimba cha ndama nacho si pambo. Kiko ndani ya boma, mahali pa watoto na mama zao, chini ya hadhi ya morani na mbali na baraza la wazee. Mtu anayejificha humo amejishusha ili asikie. Habari nzito kuliko zote inapita katikati ya ndama na kumfikia asiyepaswa kuipata. Clarke wa Machen ana saraka la karatasi. Olonana ana kizimba. Wote wawili wamepata elimu kwa mlango wa nyuma, na msikilizaji amejibanza pamoja nao, akishiriki kosa.

Kisha vile vifaa vitano. Vinatajwa kwa mpangilio, kitu kimoja kimoja, bila maelezo. Mawe tunajua hutumika kupiga ramli, yakimwagwa kutoka kibuyuni. Lakini mfuko? Hausemwi una nini. Hakuna anayeufungua, si Olonana wala msimulizi. Hapa bibi wa Kimaasai anayesimulia jioni na mwana wa kasisi wa Wales wanakutana bila kujuana: kitu kimoja lazima kibaki kimefungwa, na kiwe miongoni mwa vitu vinavyoshikika. Mfuko peke yake ungekuwa fumbo tu. Ukiwekwa karibu na rungu la chuma, unakuwa na uzito.

Wanapoachana ni kwenye swali la nani mwenye elimu. Kwa Machen elimu ya Pan haifai kwa mtu yeyote, anayeigusa anaoza. Kwa Wamaasai elimu ya oloiboni ina mwenyewe, ina mahali na ina mrithi, na hofu inatoka pale inapoingia mkono usio wake bila kupoteza nguvu. Baraka haiulizi imetolewa kwa nani. Hilo ndilo linalonisumbua katika hadithi ya Mbatian. Olonana aliiba, na vifaa vikafanya kazi. Watu wake ndio walioshinda, Sendeyo akaja kuomba amani mwaka 1902, Waingereza wakamtambua Olonana kuwa mkuu wa Wamaasai, na kilele cha Mlima Kenya ambacho wapandaji wengi hukifikia, mita 4,985, kina jina lake. Na bado hadithi haikumsafisha. Hadithi ya mshindi inayokiri kwamba mshindi alikuwa mwizi ni kitu adimu, katika fasihi yoyote.

Nathari ya Kiswahili ilichagua njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kufungua kila mfuko. Mzimu ukawa kivuli cha kufichia kazi ya mikono ya binadamu, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwanga wa kutosha. Zilikuwa riwaya hodari, ila nadhani zilitulea tukitarajia kwamba mwisho lazima ufunguo utolewe. C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, alirudi karibu na Mbatian: baba anamrithisha mwanawe uchawi. Jina la kitabu linasema wazi mzigo uko wapi.

Kuna pia mfano wa kuficha bila ufundi, na ulitoka serikalini. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikafika bungeni mwaka 1999. Ni saraka la Clarke lililofunguliwa kwa idhini ya dola: mashahidi wanasimulia, mambo ya kutisha yanatajwa, na mengi yanabaki bila sura wala anwani. Tofauti ni kwamba Austin akiusukuma ukurasa hakuna jirani anayenyooshewa kidole. Hila zinazofaa kwenye riwaya ni hatari kwenye ripoti, na mtu aliyezijua riwayani angezitambua mapema zaidi bungeni.

Machen alikufa Desemba 1947. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, kwa hiyo mtafsiri wa hapa nchini anayetaka kuileta The Great God Pan kwa Kiswahili hahitaji kibali cha mtu yeyote. Atakayejitolea namwomba mambo mawili. Asimmalizie Rachel sentensi yake. Na ile sura ya 8 asiongeze maelezo ili msomaji aelewe vizuri zaidi. Kilatini akiache kama kilivyo, ukurasa uliofutika aufute.